Anzeni na jiko na mbegu, ukumbi unaweza kungoja

Swali: Sisi ni kikundi cha watu 22 kijijini, wengi wetu wanawake. Tuna ekari 4 na nyumba moja kuukuu. Tunataka kuanzisha kituo cha kufundisha kilimo endelevu na vyakula vya asili. Kuna mfadhili ameonyesha nia ya kutujengea ukumbi na bweni, na wenzangu wanataka tukubali haraka. Mimi ndiye katibu, na nina wasiwasi. Tuanzie wapi, tufundishe nini, na tufanyeje ili vyakula vya asili visiishie kuwa maonyesho ya siku ya wageni?

Jibu: Dada yangu, wasiwasi wako una msingi. Msiukatae msaada, lakini mwombeni mfadhili awasubiri misimu miwili kabla ya kumwaga zege. Kwa misimu hiyo mnahitaji jiko, ghala dogo la mbegu, maji, na kipande cha nusu ekari kinacholimwa na wanakikundi wenyewe. Siku mtakayokula pamoja chakula mlichokilima pamoja, kwa mbegu mliyoihifadhi wenyewe, kituo kitakuwa kimeanza, hata kama bado mnakaa chini ya mti.

Nayasema haya kwa sababu nimefundisha kwenye vituo vya aina hii kwa miaka mingi, na kimoja kilinifundisha kuliko vingine kwa makosa tuliyoyafanya pale. Kilikuwa na ukumbi wa watu 100, bweni safi na projekta. Asubuhi nilikuwa nasimama mbele kueleza faida za nafaka ndogondogo na mboga za asili. Mchana wanafunzi walipanga foleni kupokea chakula cha unga mweupe uliokobolewa, na kabichi iliyoletwa na gari kutoka sokoni. Siku ya tatu mama mmoja mtu mzima, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, akanyoosha mkono na kuniuliza kwa upole: “Mwalimu, hicho unachokisifu, mbona hapa hamkili?” Ukumbi ukanyamaza. Nikajibu habari za bajeti na ratiba, na huku naongea nilijua sijajibu kitu. Wanafunzi walikuwa wameshasoma msimamo wetu halisi kwenye sahani zao.

Tangu hapo nimeshika jambo moja, na ndilo jibu langu kwako: shamba na jiko ni somo moja. Ukimfundisha mtu kulima zao bila kumfundisha mapishi yake, umemfundisha nusu, na nusu hiyo wakati mwingine huumiza watu. Ona yaliyotokea kwa mahindi.

Mahindi asili yake ni Mexico. Watu wa huko na wa Amerika ya Kati, tangu kale, huyachemsha kwa maji ya chokaa au ya majivu, huyaacha yalale humo usiku kucha, kisha huyasugua maganda yatoke, huyasuuza, ndipo husaga. Baada ya safari za Columbus kuanzia mwaka 1492, mbegu ya mahindi ilivuka bahari ikaenea dunia nzima. Mapishi yake yalibaki kwao. Mwaka 1735, daktari Gaspar Casal wa Asturias, kaskazini mwa Hispania, aliona ugonjwa kwa wakulima maskini walioishi karibu kwa mahindi matupu: ngozi inageuka nyekundu na kuchubuka pale jua linapopiga, mwili unadhoofika, na mwisho akili inavurugika. Ndio uliokuja kuitwa pelagra. Ulienea kaskazini mwa Italia, na mwanzoni mwa karne ya 20 uliua maelfu ya watu kusini mwa Marekani. Daktari Joseph Goldberger, aliyekabidhiwa uchunguzi huo mwaka 1914, alionyesha kwamba chanzo ni lishe na si vijidudu. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akabainisha kinachoponya: niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Niasini imo ndani ya mahindi, ila imefungwa kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua, na juu yake huongeza kalsiamu. Wale wanawake wa Mexico hawakuwa na maabara, lakini walichokuwa wakikifanya kwenye vyungu vyao ndicho kilichokosekana kwa karne mbili katika nchi zilizochukua mbegu bila kuuliza inapikwaje.

Muhogo mchungu nao una funzo lake. Una viambata vinavyotoa sumu ya sianidi, ndiyo maana kwingi unakolimwa watu huuloweka, huuvundika na kuukausha kwa siku kadhaa. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkali katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Ukame huongeza sumu ndani ya mizizi, na njaa iliwafanya watu wafupishe zile siku za matayarisho. Kilimo hakikuwa na kosa: muhogo ulivumilia ukame kama unavyosifiwa. Kilichokatika ni hatua ya jikoni. Baadaye mtafiti Howard Bradbury wa Australia alibuni njia nyepesi ya kuongezea juu ya ile ya asili. Unga wa muhogo unaloweshwa kwa maji, unatandazwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, unaachwa kwa muda wa saa 2 juani au wa saa 5 kivulini ili gesi ya sumu itoke, kisha unapikwa siku ileile. Naipenda hadithi hii kwa sababu mtaalamu hakuwafuta wapishi. Aliwaongezea hatua moja inayoweza kufanywa na yeyote mwenye beseni na mkeka.

Kwa hiyo mtaala. Chagueni mazao manne au matano tu: nafaka moja, jamii ya kunde moja, mboga za majani mbili, na zao moja la mizizi kama mnalo. Yawe mazao ambayo bado yupo mtu kijijini anayejua kuyalima na kuyapika. Nafaka na jamii ya kunde msizitenganishe, kwa maana protini ya moja hufidia upungufu wa nyingine, na mara nyingi hata shambani huishi vizuri pamoja. Kila zao mlifuate kutoka mbegu hadi sahani, na kutoka sahani hadi mbegu tena. Mkipata mtu anawaletea mtaala wa mazao 30, mshukuruni, muuweke kabatini.

Muda wa somo uwe msimu mzima. Najua wafadhili hupenda mafunzo ya siku tano, kwa sababu siku tano huhesabika na vyeti hutolewa Ijumaa. Lakini mmea hauna habari na Ijumaa. Mfano ninaourudia siku zote ni wa Indonesia. Huko wakulima wa mpunga walikuwa wakipulizia dawa kwa wingi, dawa ikaua buibui na wadudu wengine rafiki, na wadudu wanaofyonza utomvu wa mpunga wakazidi maradufu. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga, na mwaka 1989, kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, yakaanzishwa mashamba darasa. Kikundi cha wakulima kama 25 hukutana mara moja kwa wiki, shambani, tangu kupanda hadi kuvuna. Njia hiyo imeenea nchi nyingi tangu wakati ule.

Hivi ndivyo asubuhi moja ya shamba darasa inavyokwenda. Watu wamegawanyika vikundi vya watano. Kila kikundi kinachagua mimea kumi, si ile mizuri iliyo pembeni mwa njia. Wanainama, wanageuza jani, wanahesabu: wadudu waharibifu wangapi, wadudu rafiki wangapi, majani mangapi yameliwa, udongo una unyevu gani ukiuminya kiganjani. Kisha wanachora mmea kwenye karatasi kubwa, waharibifu upande mmoja, marafiki upande wa pili, na kikundi kinaamua: tufanye nini wiki hii, au tusifanye kitu? Nimewahi kumwona mzee akitia buibui mmoja na viwavi wachanga sita kwenye chupa yenye matundu, akaenda nayo nyumbani. Kesho yake alirudi akiwa ameishika kwa mikono miwili. Viwavi walikuwa wamebaki wawili. Hakuongea sana. Alimpa jirani yake chupa, naye akampa mwingine, ikazunguka mduara mzima, na mpaka msimu ulipokwisha sikumsikia tena mtu akiita kila mdudu adui. Mhadhara wa saa tatu juu ya udhibiti wa wadudu hauwezi kufika hapo.

Mimi huongeza kitu kimoja: kila mkutano wa shamba darasa uishie jikoni. Mboga iliyochumwa asubuhi ile ipikwe kwa namna mbili. Chungu kimoja, mboga imeoshwa ikiwa nzima ndipo ikakatwa, ikapikwa muda mfupi kwa maji kidogo. Cha pili, imekatwa kwanza ndipo ikaoshwa, ikachemshwa muda mrefu, na maji yakamwagwa. Wekeni sahani mbili bila majina, watu waonje, ndipo mweleze kwamba vitamini C na nyinginezo zinazoyeyuka kwenye maji zimekwenda na yale yaliyomwagwa. Ila kabla ya kumwambia mtu yeyote aache kumwaga maji, muulizeni mama anayeijua mboga hiyo. Yapo majani machungu ambayo maji ya kwanza humwagwa kwa sababu nzuri, na mwalimu mwenye haraka anaweza kuua kinga iliyowachukua watu vizazi kuijua.

Hapo unaingia upande wa walimu wenu. Walimu wenu wakuu tayari mnao: ni wale bibi na babu ambao hawajawahi kuitwa walimu. Wapeni cheo hicho waziwazi na mwalipe kwa muda wao kama mnavyomlipa bwana shamba. Inaniuma kuona mtaalamu wa mjini akilipwa posho ya siku huku bibi aliyefundisha siku nzima akipewa soda na makofi. Kama fedha hakuna, basi kila mtu afundishe kwa kujitolea, mtaalamu naye akiwemo.

Kujifunza kwa mtu wa aina hiyo kuna namna yake. Usimweke mbele ya watu umwambie “tueleze.” Atasema maneno matano atanyamaza, na watu watadhani hajui. Mpe chungu, mpe moto, mpe wasaidizi wawili vijana, mmoja akiwa na mizani na saa, mwingine akiwa na daftari. Anapochota unga kwa kiganja, kiganja kile kipimwe kwanza kwenye mizani ndipo kiingie chunguni. Anaposema “mpaka unukie,” andikeni saa, kisha kila mtu asogee anuse. Na swali bora kuliko yote ni hili: “Ikiharibika, huwa inakuwaje, na unafanyaje?” Ukimuuliza hivyo, maarifa hutoka kama maji. Niliwahi kumuuliza bibi mmoja hivyo kuhusu kinywaji cha nafaka kilichochachushwa, akatueleza harufu nne tofauti, ipi ya kungoja, ipi ya kuongeza kimea, ipi ya kuhamisha chombo, na ipi ya kumwaga chote bila kuonja. Vitabu vyote nilivyosoma vilikuwa vimenipa harufu mbili.

Mambo haya mkiyaandika ni mali. Kabla ya kumruhusu mgeni yeyote kurekodi au kubeba mbegu, andikeni makubaliano mafupi: nani ametoa maarifa, yatatumikaje, na faida ikipatikana inarudi vipi. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za wakulima wadogo na watu wengine wanaofanya kazi vijijini, lililopitishwa Desemba 2018, linatambua haki ya wakulima kuhifadhi, kutumia, kubadilishana na kuuza mbegu za mashambani mwao, na haki ya kulindwa kwa maarifa yao ya jadi. Sheria za mbegu hata hivyo hutofautiana nchi na nchi, na baadhi ni kali kwa anayeuza mbegu isiyosajiliwa. Kagueni ya kwenu kabla ya kuweka kibao cha “mbegu zinauzwa.”

Kuhusu ghala la mbegu nitakaa kidogo, maana ndipo vituo vingi hupoteza kila kitu bila kelele. Mbegu hufa kwa unyevu na joto. Kuna kanuni ya mtafiti James Harrington inayotumika kwa kukadiria: kila unyevu wa mbegu unaposhuka kwa asilimia 1, umri wake ghalani huongezeka karibu maradufu, na vivyo hivyo joto la ghala likishuka kwa nyuzi 5. Kwa hiyo kabla ya kutafuta jokofu, kausheni. Kipimo hiki kinawezekana popote. Chukueni chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, jazeni theluthi moja kwa punje, tieni vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani mpaka haishikani. Fungeni, tikiseni kwa dakika moja, iacheni chupa itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu wa nafaka umezidi asilimia 15, irudisheni juani. Isipoganda, iko chini ya hapo, lakini msisherehekee bado, maana mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yafike kama asilimia 13, na ya mbegu yashuke zaidi. Ongezeni siku ya kuanika, juu ya turubai au kichanja, yasiguse udongo. Watoto wa shule huipenda kazi hii ya chupa. Wapeni wao waifanye, wazazi watakuja kutazama.

Kabla ya kila msimu, hesabuni mbegu 100, zifungeni kwenye kitambaa kibichi, ziwekeni mahali pa joto la kawaida, mhesabu zilizoota baada ya wiki. Zikiota 90 mmefanya vizuri. Zikiota 50, pandeni mara mbili yake na mchunguze ghala. Mahindi huchavushana kwa upepo, hivyo shamba la mbegu likae mbali na mahindi mengine, mita 200 au zaidi, au mpishanishe kupanda kwa wiki tatu nne ili maua yasikutane. Mbegu itoke kwenye mimea isiyopungua 100, ya katikati ya shamba, kwa sababu mkichagua masuke matano mazuri tu kila mwaka, uzao utadhoofika baada ya vizazi vichache. Maharage hujichavusha yenyewe, hayana usumbufu huo. Maboga huchanganywa na nyuki kwa furaha kabisa, kwa hiyo anzeni na maharage, maboga yangoje mpate uzoefu.

Kumheshimu bibi hakumaanishi kunyamazia kila desturi, nami sitaki kituo chenu kiwe mahali ambapo neno “asili” linafunga mjadala. Nafaka au karanga zenye ukungu, katika nchi nyingi, hutengwa kwa ajili ya mifugo au pombe badala ya kutupwa. Mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumukuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo hudhuru ini na huweza kuleta saratani, haiondoki kwa kupika kwa kawaida, na ng’ombe akiila hutokea kwenye maziwa. Lisemeni hili waziwazi mbele ya wazee, na mlisemee kwenye ungo, punje zikiwa zinachambuliwa, kila mtu aone ipi imebadilika rangi, ipi imesinyaa, ipi imetobolewa. Wengi wao watakuambia mama zao waliwafundisha kuchambua hivyohivyo. Uchambuzi ulipungua mashine zilipokuja na haraka ikaongezeka.

Tahadhari nyingine ni ya mboga za kufungwa kwenye chupa. Kila kituo kipya hupata mtu anayetaka kuuza chupa nzuri zenye lebo. Vyakula visivyo na uchachu wa kutosha, yaani pH (kipimo cha uchachu, ambacho namba ikipanda uchachu hupungua) ikizidi 4.6, vikifungwa bila hewa na bila joto kali la shinikizo, vinaweza kuotesha bakteria wa botulismu, na huyo huua. Mpaka mpate vifaa na mtu aliyesomea, kausheni na chachusheni. Majani yakaushwe kivulini penye upepo, maana jua kali huharibu vitamini A.

Kuhusu udongo nitapita haraka, kwa kuwa mboji na matandazo vimeelezwa kwingi. Albert Howard, mtaalamu wa kilimo Mwingereza aliyefanya kazi Indore, India, kati ya 1924 na 1931, aliijenga njia yake ya mboji kwa kujifunza kutoka kwa wakulima wa Asia na kupanga walichokijua. Majani makavu, majani mabichi, samadi, udongo kidogo, maji, na kugeuza. Biwi zuri hufika nyuzi 55 hadi 65. Chomekeni fimbo katikati, iacheni dakika kumi, iondoeni: ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika kwa raha, kazi inaendelea. Mabaki ya jikoni yote yarudi hapo. Watu wakiona maganda ya chakula cha jana yanakuwa mboga ya mwezi ujao, hamtahitaji kueleza sana maana ya kilimo endelevu.

Viko vituo duniani vilivyoishi kwa miongo kwa kushika mambo haya, na inafaa wanakikundi wavijue ili wasidhani mnaota. Huko Tochigi, Japani, Asian Rural Institute ilianzishwa mwaka 1973 na Takami Toshihiro. Viongozi wa vijijini kutoka Asia, Afrika na kwingineko hukaa pale miezi tisa, na kila mtu, mwalimu kwa mwanafunzi, hushika zamu za shamba, mifugo na jiko. Hula hasa wanachokizalisha. Huko Porto-Novo, Benin, Padri Godfrey Nzamujo alianza kituo cha Songhai mwaka 1985 kwenye hekta 1, akaunganisha mifugo, samaki, mboga na gesi itokanayo na kinyesi, taka ya sehemu moja ikawa malighafi ya nyingine: mabaki ya machinjio hufuga funza, funza hulisha samaki. Leo ni kituo kikubwa chenye matawi. Hekta 1 ni kama ekari mbili na nusu, dada yangu. Ninyi mnazo 4.

Zile zamu za Tochigi ziigeni tangu siku ya kwanza. Najua watatokea wanaume watakaosema jiko si lao, na wanawake watakaowafukuza jikoni kwa huruma. Msikubali upande wowote. Mwanamume aliyetwanga, akapepeta na kupika nafaka ya asili ndiye atakayetetea mashine ndogo ya kukoboa kikao cha bajeti kitakapofika. Kabla ya hapo ataiona anasa. Tena nyingi ya nafaka hizi zimeachwa kwa sababu kinu na mchi viliwachosha wanawake, si kwa sababu watu walichukia ladha. Tusiwaombe mama zetu warudi kwenye taabu kwa jina la utamaduni.

Sasa rudini kwa mfadhili na orodha yenu: tangi la maji na mabomba, jiko linalookoa kuni lenye bomba la moshi, ghala la mbegu lenye kuta nene na paa linalotanda kivuli, mashine ya kukoboa na kusaga, mizani mbili, na mfuko wa kuwalipa wazee wanaofundisha kwa misimu miwili. Nyumba yenu kuukuu ipigwe lipu na ipate madirisha, itatosha watu 25. Mkifika msimu wa tatu mtajua mnahitaji bweni la watu wangapi na jiko likae upande gani wa upepo, na mchoro mtauchora wenyewe. Akikataa masharti hayo, mwacheni aende kwa amani, kwa kuwa jengo lisilo na shughuli hula fedha za ukarabati kila mwaka, na wenye kulilipia ni ninyi.

Mapato msiyategemee mapema kutoka ada za mafunzo. Msimu wa kwanza lengo liwe shamba kupunguza gharama ya kulisha wanafunzi. Wekeni daftari jikoni lenye safu mbili: kilo zilizotoka shambani kwetu, kilo zilizonunuliwa. Lisomwe kila mwisho wa mwezi mbele ya wote. Nimeona daftari hilo likibadilisha mipango ya upandaji kuliko ushauri wangu wowote. Baadaye mtauza unga, mboga zilizokaushwa, chakula kwa mikutano ya jirani, na mafunzo ya msimu kwa vikundi vingine, na wageni watakuja wenyewe. Siku hiyo ya wageni unayoihofia pikeni kilekile kilichopangwa kwenye zamu, wageni wakile pamoja na wanafunzi, kisha waoshe vyombo.

Katika kikao chenu kijacho, kabla ya kuzungumzia jengo, kila mwanakikundi aje na mbegu moja ya asili kiganjani, au aje na jina la chakula alichokula kwa bibi yake ambacho hakioni tena. Zitandazeni kwenye mkeka. Kwa kila mbegu ulizeni: nani hapa anajua kuipika, mwanzo hadi mwisho? Kwa kila chakula ulizeni: mbegu yake iko kwa nani? Andika majibu kwenye safu mbili. Mbegu zilizobaki bila mpishi na vyakula vilivyobaki bila mbegu, tumeni watu wawili wawili wakawatafute wenye navyo vijiji vya jirani kabla mvua hazijaanza. Orodha hiyo mkishaipata niandikieni, tutachagua pamoja yale mazao manne ya kwanza.